Nyumba za Kadibodi za Mtani Wangu

Boksi nililikuta nje, kando ya mapipa ya taka, limefunikwa gazeti lililolowa. Nililitambua kabla sijalifunua. Kila Desemba mtani wangu wa ghorofa ya chini alilitoa boksi lile mvunguni mwa kitanda chake, akalifungua polepole kama mtu anayemwamsha mtoto mchanga, kisha akapanga dirishani kijiji kizima cha nyumba za kadibodi. Nyumba zenyewe ni ndogo, nyingine hazizidi kiganja. Kulikuwa na kanisa lenye mnara, na duka, na vijumba vyenye mapaa yaliyochongoka, kila kimoja na uzio wake na mti wake. Mapaa yalikuwa na theluji ya kubandika, na madirisha yalizibwa kwa karatasi nyekundu na njano zinazopitisha mwanga, mfano wa zile za kufungia peremende. Nyuma ya kila nyumba pana tundu la duara. Humo huingia taa ndogo, na ikiwaka utaapa kwamba mle ndani kuna watu wanakula.

Sasa kijiji hicho kilikuwa takatakani, na mvua ya Kilburn, hapa London, inakinyeshea.

Nieleze kwanza neno hili, mtani, kwa msomaji aliyekulia mbali na mambo yetu. Mimi ni Mzaramo, mwanamke wa pwani, Mwislamu. Yeye ni Mnyamwezi wa Tabora, Mkristo, muuguzi mstaafu. Makabila yetu yametaniana tangu enzi za misafara. Tunaruhusiwa kutukanana bila kununiana, na kuchukuliana vitu bila kuombana. Tena siku ya msiba, mtani ndiye anayekuja kufanya zile kazi ambazo wafiwa hawana nguvu nazo, huku akiwachekesha hata kama hawataki kucheka. Siku niliyohamia jengo lile alinisikia ngazini nikiongea kwa simu. Akafungua mlango wake.

"Wewe wa wapi?"

Nikamwambia.

"Mungu wangu! Wameniletea Mzaramo juu ya kichwa changu. Ngoma mpaka asubuhi!"

"Afadhali ngoma," nikamjibu. "Mimi nimepewa Mnyamwezi chini yangu. Nikiacha sanduku ngazini utajitwika uende nalo Ujiji."

Tangu hapo tukawa ndugu. Kwa hiyo pale kwenye mapipa sikujiuliza mara mbili. Mtani haibi, anachukua. Nikalibeba boksi, maji yakinichuruzikia mikononi, nikaenda kugonga kwake.

Alikuwa amekaa sebuleni na koti lake la nje mwilini. Bomba la ukutani lilikuwa limepasuka, maji yakatambaa mpaka chini ya kitanda, na boksi likakaa ndani ya maji mpaka alipoligundua. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba mwenye nyumba alikuwa anauza fleti ile, naye alitakiwa kuhama mwisho wa Januari, aende kwa binti yake kaskazini mwa nchi. Na ajenti wa nyumba alikuwa amepita akaagiza dirisha la mbele liwe tupu, lisiwekwe kitu chochote, kwa sababu wanunuzi watakuja kuona na picha zitapigwa.

"Ukamwambiaje?" nikamuuliza.

"Nikamwambia sawa."

Huyu ni mwanamke aliyesimamia wodi. Nimewahi kumsikia akimfokea daktari kwa simu mpaka mimi wa juu nikavua viatu nitembee kwa adabu. Leo kijana mwenye funguo mkononi anamwambia aondoe maisha yake dirishani, naye anasema sawa.

"Hilo boksi lirudishe ulikolitoa," akasema. "Limeoza."

Nikaliweka katikati ya zulia lake. "Mnyamwezi," nikamwambia, "babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, mito wakivuka, simba wakiwaona, na hawakutupa mzigo. Wewe umeshindwa na boksi la karatasi kutoka kitandani mpaka dirishani?"

Nikangoja. Mtani akikurushia tusi la namna hiyo, unalirudisha likiwa limenona zaidi. Yeye akatazama mikono yake.

"Nimechoka, mtani," akasema.

Mtani asiyejibu tusi ni mgonjwa. Nilipanda ngazi na lile boksi nikiwa nimeshaamua: kijiji kitasimama dirishani kwake Krismasi hii, siku za wanunuzi zikiwemo, na mwenyewe atanitukana kabla hajahama. "Nimekuja msibani," nilimwambia nikiwa mlangoni. "Wewe kaa ulie. Kazi niachie mimi."

Nilikuwa na sababu ya kujiamini. Baba yangu alikuwa mjalidi wa vitabu Kariakoo, na mimi nimekulia chini ya meza yake, katikati ya vipande vya kadibodi na harufu ya gundi. Ninajua kadibodi inavyofikiri. Kadibodi ina kumbukumbu. Ukiikunja inakumbuka mkunjo, na ukiilowesha inasahau kila kitu, na hapo ndipo unaweza kuifundisha upya. Watu wengi huona nyumba iliyolowa wakadhani imekufa. Haijafa. Imesahau tu jinsi ya kusimama.

Ukitaka kujaribu, nawe ujaribu, usikimbilie hita. Joto la ghafla hukunja kadibodi kama ganda la ndizi. Weka nyumba juu ya taulo, iache itoe maji yenyewe. Ikibaki na unyevu kidogo, ingiza kitu bapa kisichokata kwenye maungio na uyafungue, pole pole. Gundi ya zamani ikishalowa huachia kwa hiari. Nyumba itakulalia mezani bapa, kuta nne na paa, kama shati lililofumuliwa mishono. Kabla hujafanya lingine lolote, chukua penseli uchore umbo lake kwenye karatasi safi. Hiyo ndiyo ramani yako. Kisha mlaze mgonjwa katikati ya karatasi za kunyonya maji na umwekee uzito juu. Mimi nilitumia mfuko wa mchele na mfuko wa unga wa sembe, na kwa siku kadhaa nyumbani kwangu hakukupikwa wala wali wala ugali.

Nilizifungua zote namna hiyo. Ndani ya kuta niliona mambo ambayo mtani wangu hakuwahi kuyaona: alama za penseli za fundi aliyezikata, Japani, zamani sana, kabla ya vita vikuu vya pili, na kadibodi yenyewe ilikuwa hafifu, ile ya kutumika mara moja kisha itupwe. Hapo nikapata nguvu zaidi. Vitu hivi havikuundwa vidumu hata Krismasi mbili. Vimedumu kwa ukaidi. Nani mimi nivitupe?

Nilimwonyesha picha muuza vitu vya kale mmoja sokoni. Akaniambia kwa upole kwamba zilizoharibika sana nitupe, na zilizobaki nisiziguse, maana ukizitia mkono zinapoteza thamani. Nikamuuliza, thamani kwa nani? Kitu ambacho hakiguswi kikabaki na thamani kabatini ni cha kwake. Cha mtani wangu kinatakiwa kiwake taa.

Gundi niliipika mwenyewe, kama baba. Ni unga wa ngano na maji, unakoroga juu ya moto mdogo mpaka uwe uji mzito usio na madonge, kisha unatia maji ya karafuu zilizochemshwa. Karafuu hufukuza ukungu na wadudu. Kwa hiyo kama utawahi kuinusa nyumba ya Krismasi yenye harufu ya pilau, ujue imepita mezani kwangu.

Nisijisifu sana, maana kwenye theluji niliharibu. Ile theluji ya zamani ilikuwa na chembechembe, nyeupe, imekauka, na kila nilipoitazama niliona chicha la nazi. Nikasema, basi ni lilelile. Nikakuna nazi, nikakamua tui, chicha nikalianika mpaka likakauka, nikalibandika juu ya paa la duka. Lilipendeza jamani! Nikapika mchuzi kwa lile tui nikijiona fundi. Baada ya siku chache paa likaanza kuwa la njano, mafuta yakapenya kwenye kadibodi yakaacha doa kubwa, na sebule ikanuka nazi iliyochacha. Mzungu asingekosea hivyo, kwa sababu Mzungu hajui chicha. Nikakwangua paa lote. Kisha nikatafuta mchanga mweupe, ule laini wa kuwekea tangi la samaki, nikaunyunyiza juu ya rangi mbichi. Ukafaa. Doa la mafuta lilibaki. Niliacha libaki.

Miti nayo ilikuwa imekwisha, imebaki nyuzinyuzi za kijani zilizoshikana na vijiti. Nilizifikicha vidoleni, na vidole vyangu vikazijua kabla ya akili. Dodoki! Lile lile dodoki la kuogea, lililokuwa likitambaa uani kwetu. Wale mafundi walilikata vipande vilivyochongoka wakalitia rangi likawa msonobari. Nikateremka mbio.

"Mnyamwezi, miaka yote hii umepamba dirisha kwa madodoki! Watu wakipita wanaona mnaoga."

Alinyanyua kichwa. Nikaona kona ya mdomo wake ikisogea, kisha ikarudi. Haikutosha, lakini nilijua nipo njiani.

Kilburn sikupata dodoki ninalolitaka. Yapo madukani, lakini yamebanwa na kushonewa mikanda. Nikapanda treni, nikabadilisha Wembley Park, nikaenda Rayners Lane. Karibu na stesheni kuna duka la mama mmoja Mhindi aliyezaliwa Mwanza. Alinisikiliza haja yangu kwa Kiswahili kizuri cha Kanda ya Ziwa, akanitolea dodoki zima, refu, limekauka, mbegu zake ndani zikilia kama kayamba.

"La kuogea au la vyombo?" akauliza.

"La kupanda msitu," nikamwambia.

Akanitazama juu ya miwani. "Haya. Msitu mwema."

Katikati ya kazi ndipo kikaja kisa cha kanisa. Sisi wanawake Waislamu wa Afrika Mashariki tuna kisomo, tunazungukiana nyumba kwa nyumba. Tunasoma Yasini, tunaomba dua, tunakunywa chai. Mama mmoja wa Mombasa, ambaye ndiye anayepanga zamu, alipita kwangu kuniletea sinia. Akasimama mbele ya meza.

"Dada, haya ni macho yangu ama ni kanisa naliona hapa?"

"Ni kanisa."

"La nini?"

"La mtani wangu wa chini. Limelowa."

"Na wewe ndiwe fundi wa makanisa siku hizi?"

"Mimi fundi wa kadibodi. Ukiniletea msikiti uliolowa nitaukausha vilevile."

"Watu watasema."

"Wameshaanza?"

"Mimi nishaanza," akasema, na tukacheka wote wawili. Lakini chai hakuimaliza. Juma lile zamu yangu ya kisomo ikaruka, ikaenda kwa mwingine, na hakuna aliyenieleza sababu.

Iliniuma, sitasema uongo. Nilikaa mbele ya kanisa lile na mnara wake mkononi, nikajiuliza. Lakini nilimkumbuka baba. Asubuhi alishona misahafu iliyochakaa, mchana alishona vitabu vya nyimbo vya misheni, kwa sindano ileile na uzi uleule, na magharibi alikwenda kuswali bila wasiwasi wowote. Kwetu tunaliana pilau Krismasi na Idi, na tunazikana. Kama ningeruhusiwa kwenda kwenye msiba wa mtani wangu, na hakuna ambaye angenizuia, kwa nini nisiende kwenye msiba wa dirisha lake? Nikapaka gundi, nikaubandika mnara. Nikaushikilia mpaka ukashika.

Nyumba moja tu haikuokoka. Ilikuwa kijumba cha pembeni, kililalia pale maji yalipokuwa mengi, kikawa uji. Nilichokuwa nacho ni ukuta mmoja na nusu ya paa. Basi hicho nilikiunda upya. Kadibodi nilitoa kwenye boksi la nafaka za asubuhi, maana upande wake wa ndani ni wa kijivu kama ile ya zamani. Mistari ya kukunja niliichora kwa kalamu iliyokwisha wino, inayoacha bonde bila kukata. Juu ya rangi nikapaka maji ya chai ya rangi, kupunguza upya. Ukichungulia kwenye tundu la nyuma utaona picha ya bakuli la maziwa na nusu ya ndizi. Chini yake nikaandika kwa penseli kwamba imejengwa Kilburn na mkono wa Mzaramo. Sikutaka mtu yeyote, hata baada ya miaka mingi, adhani ninamdanganya.

Kijiji nilikishusha asubuhi ya siku ile waliyotarajiwa wanunuzi. Nilimkuta mtani wangu amefuta vumbi, dirisha likiwa tupu linang'aa, kama alivyoagizwa. Nikaanza kupanga nyumba mezani, moja moja, bila kusema. Kanisa. Duka na doa lake. Vijumba, nyua, madodoki. Alizichukua mkononi. Alizigeuza. Alizinusa.

"Zina harufu ya pilau," akasema.

"Zimetoka kwa watu wanaojua kupika."

Akafika kwenye kile kijumba kipya. Alikitazama muda mrefu, akasoma chini, akachungulia kwenye tundu. "Bomba la moshi limepinda," akasema taratibu, kama anayejaribu sauti yake.

"Hilo tu ndilo uliloliona?"

"Nyamaza kwanza, nipange. Kanisa halikai hapo. Kanisa linakaa juu ya kitabu, liwe mlimani." Akavua koti.

Ajenti alipofika na mtu na mkewe nyuma yake, taa zote zilikuwa zinawaka. Yule kijana aliona dirisha, akatabasamu tabasamu la kazi. "Mama," akasema kwa Kiingereza chake laini, "tulikubaliana hapa pawe wazi."

Nikafungua mdomo. Mtani wangu akainua kiganja bila kunitazama, na mimi nikaufunga, kama walivyofunga wauguzi vijana kwa miaka mingi.

"Chumba hiki nakilipia kodi mpaka mwisho wa Januari," akamwambia. "Dirisha limo ndani ya chumba. Nilisema sawa siku ile kwa sababu nilikuwa nimelowa. Leo nimekauka. Kama wateja wako hawawezi kuona chumba kwa ajili ya nyumba za kadibodi, watazame dari, nayo ina mengi ya kuonyesha."

Yule mwanamke mgeni alikuwa ameshainama mbele ya kanisa, anachungulia. Ajenti akapiga picha zake, kijiji kikiwamo, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine. Kama walinunua au hawakununua, sikufuatilia.

Walipotoka, mtani wangu akanigeukia. "Na wewe Mzaramo, funga mdomo, umeuacha wazi tangu walipoingia. Lini kwenu mtu alijenga nyumba ikasimama mpaka jioni? Nilikuwa nakesha moyoni nikingoja kanisa langu limwangukie yule mtoto wa watu kichwani. Na hilo duka umelifanya nini, umelikaangia samaki?"

Nilikaa chini kwenye zulia nikacheka mpaka machozi. Alikuwa amerudi.

Kuhama alihama. Sitaki mtu adhani nyumba za kadibodi huzuia mwenye nyumba kuuza fleti. Lakini dirisha liliwaka Krismasi yote na likapita mwaka mpya, watoto wa mtaa wakipaka pua zao kwenye kioo kama kawaida yao, na siku ya kuondoka boksi hakuliacha wachukuzi walishike. Alilibeba mwenyewe, kifuani, akaketi nalo kiti cha mbele cha gari.

"Mnyamwezi na mzigo wake," nikamwambia kupitia dirisha la gari.

"Mzaramo na mdomo wake," akajibu. Gari likaondoka.

Nilipopanda kwangu nikaona dirishani kwangu, upande wa barabarani, kile kijumba cha bomba lililopinda. Taa imechomekwa, dodoki limesimama mlangoni pake. Ufunguo wangu wa akiba alikuwa nao siku zote. Nikampigia simu palepale.

"Mwizi wewe! Umeingia kwangu."

"Mtani haibi."

"Umetupa mzigo njiani."

"Sikuutupa. Nimeutua kwa mwenyewe. Usiuondoe, nitajua."

Juma lililofuata zamu ya kisomo ikanirudia, pia bila maelezo. Nilifagia, nikachoma udi, nikatandika mikeka. Nilifika dirishani na kitambaa cha vumbi mkononi. Ingekuwa rahisi kukitia kile kijumba kabatini kwa saa mbili. Nikakipangusa paa, nikawasha taa yake, nikaenda kufungua mlango.

Mama wa Mombasa alikiona kabla ya kuvua viatu. "Krismasi yao si ilishapita?"

"Ilipita."

"Na hii?"

"Hii nimeijenga mimi," nikamwambia. "Inakaa. Karibu, chai iko tayari."

Akavua viatu. Kisha akakaa mahali pake pa siku zote, chini ya dirisha, akafungua msahafu wake, na tukaanza kusoma.